Aliyenyimwa Mkopo Anadai Jawabu

Imeenea katika nchi yetu ya Kenya, kwa wenye benki na kwa wasio na kitu, rai moja ambayo kwa kurudiwarudiwa imekuwa kama hukumu isiyokatiwa rufaa: ya kwamba mkopo ni hisani ya mwenye mali, na kwamba mtu aliyeomba hisani akanyimwa hana la kuuliza ila kuinuka, kushukuru kwa muda aliopewa, na kwenda kubisha mlango mwingine. Anayetaka kujua sababu huambiwa ana kiburi, na anayeuliza mara ya pili hushukiwa kwamba ana madeni anayoyaficha. Na wenye rai hii hawakosi silaha, maana lugha yetu ina hazina kubwa ya maneno ya kumwonya mkopaji. Hutwambia kukopa harusi, kulipa matanga, na wakiona bado hatujanyamaza hutuongezea kwamba dawa ya deni ni kulipa, kana kwamba kila aliyenyimwa amenyimwa kwa sababu hakulipa.

Rai hii nakusudia kuipinga, tena kwa urefu, maana imekaa vifuani mwa watu muda mwingi na haitatoka kwa msukumo mmoja. Lakini kabla sijaanza napenda kumtoa wasiwasi msomaji mwenye hisa zake benki: sisemi kwamba kila mwombaji apewe. Fedha anazokopesha mwenye benki si zake peke yake. Nyingi ni amana za watu, na wale waliokuwa na akiba zao katika Dubai Bank na Imperial Bank mwaka 2015, au katika Chase Bank mwaka 2016, wakaamka wakakuta milango imefungwa, hawahitaji kufundishwa na mtu hatari ya amana kuangukia mikono isiyo na uadilifu. (Na nitasema kwa kupita kwamba benki zile hazikuangushwa na mama muuza mbaazi aliyekopa shilingi elfu tatu kwa simu.) Uhuru wa mkopeshaji kukataa, basi, naukubali bila ya shaka yoyote. Ninachokikataa ni ile hatua ya pili ambayo wenye rai hii huipiga kimyakimya baada ya kukubaliwa ya kwanza: kwamba, maadamu mkopeshaji ana uhuru wa kukataa, basi ana uhuru pia wa kunyamaza.

Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Zamani mwenye duka alipomnyima mtu unga wa mkopo, alimnyima uso kwa uso, na sababu yake aliijua mnyimaji na mnyimwaji. Daftari lenyewe lilikuwa juu ya meza, na mkopaji aliyeona mstari wake umezidishwa aliweza kubisha papo hapo mbele ya wateja wengine, nao wakawa mashahidi. Leo anayekunyima hakujui wala hakukuona. Hukumu yake ameitoa katika daftari ambalo hakuliandika yeye, lililowekwa na ofisi ambayo wewe hukupata kuingia mlango wake, likajazwa na mkopeshaji wa tatu ambaye pengine ulikwisha mlipa na kumsahau. Kanuni za kwanza za ofisi hizi za taarifa za mikopo, ambazo kila mtu huziita CRB, zilitolewa mwaka 2008, na siku hizo benki zilipashana habari za madeni mabaya tu. Zilipokuja kanuni za mwaka 2013, habari njema nazo zikawa hupelekwa, yaani mtu anayelipa kwa wakati naye yumo daftarini. Jambo hili watu wengi hadi leo hawalijui, ndiyo maana utamsikia mtu akiapa kwamba jina lake haliko CRB, ilhali mtu aliyewahi kukopa benki, au akakopa kwa M-Shwari tangu ilipoanzishwa mwaka 2012, aghalabu jina lake liko huko, na la kuulizwa si kama limo, bali ni habari gani iliyoandikwa mbele yake.

Na habari hiyo huandikwa na wanadamu, na mwanadamu hukosea. Tarakimu moja ya kitambulisho ikigeuzwa, deni la mtu wa Kitale humwangukia mtu wa Malindi. Laini ya simu hukaa bila kutumiwa, ikauzwa kwa mtu mwingine, naye akairithi pamoja na madeni ya mwenyewe wa kwanza. Mtu humdhamini ndugu yake, ndugu akashindwa kulipa, na mdhamini asipate habari mpaka siku anapokwenda kuomba mkopo wa kujengea. Kitambulisho cha mzee husajilia laini ambayo mzee hajapata kuiona. Na sisi wa Pwani tuna balaa yetu ya ziada, maana katika miji yetu Mohamed Ali Salim si mtu mmoja bali ni kaumu nzima, wakiwemo walipaji wema kushinda wote na wengine ambao afadhali tusiwataje. Lakini kosa lililo kubwa kuliko yote ni la yule aliyelipa deni lake lote, akapewa na risiti, na mkopeshaji asishughulike kupeleka habari ya kulipwa kama alivyoharakisha kupeleka habari ya kutolipwa. Mtu huyu wamwambie nini wale wenye methali zao? Dawa walimwambia ni kulipa. Ameinywa mpaka tone la mwisho, na daftari bado lamwita mgonjwa.

Wapinzani wangu watasema kwamba makosa haya ni machache, na kwamba walio wengi katika walionyimwa walistahili kunyimwa. Yamkini. Lakini tutaijuaje idadi yake, ikiwa kila anayenyimwa hufundishwa kunyamaza? Kosa lisiloulizwa halihesabiwi, na lisilohesabiwa hupita kuwa halikuwako; kisha uchache huo, ambao umezalishwa na kimya, huletwa kuwa ni hoja ya kukiendeleza kimya.

Hebu sasa tuitazame sheria, kwani wenye kusema kwamba mnyimwa hana haki husema kana kwamba nchi hii haina maandiko. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, imempa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike nazo kwa ukamilifu, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa kwa hasara. Tena kifungu hicho hakikuishia kwa mashirika ya umma, bali kimewataja na watu binafsi wanaotoa huduma. Basi huku kusema kwamba benki ni mali ya mtu na mtu hawajibiki kwa mali yake, Katiba imekwisha kukujibu. Kifungu cha 35 nacho kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa aihitaji kwa kutekeleza au kulinda haki yake, na kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomdhuru. Haya hayakuandikwa kwa ajili ya mawakili wa Nairobi peke yao.

Kisha ziko kanuni zenyewe za CRB. Hizo zimemwekea mtu haki ya kupewa nakala ya taarifa yake bila ya malipo mara moja kila mwaka. Zikamtaka mkopeshaji amwarifu mdaiwa kabla ya kulipeleka jina lake kwa ubaya. Zikamtaka aliyemnyima mtu kwa sababu ya taarifa ya CRB amjulishe hivyo. Na zikaweka njia ya kulalamika kwa maandishi, ambapo ofisi hulazimika kuichunguza habari inayobishiwa na kuitia alama kwamba ina ubishi, isije ikaendelea kusomwa na wengine kuwa ni yakini. Na Benki Kuu imesema zaidi ya mara moja kwamba kuorodheshwa CRB peke yake kusiwe ndiyo sababu ya kumnyima mtu mkopo; wenye kukopesha wautazame na uwezo wake na hali yake. Ni watu wangapi wameambiwa haya na karani aliyewakatalia? Naona karani mwenyewe hakuambiwa.

Hapa huja mtu mwenye heshima zake akasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, na kwamba mila zetu humtaka mkopaji awe mnyenyekevu. Mimi namwomba airejee Sura ya Al-Baqara, ambamo imo aya ya deni, nayo ni ndefu kuliko aya zote za Kurani. Aya hiyo inaamrisha deni la muda liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Lakini anayeamrishwa kumtajia mwandishi maneno ya kuandika si mdai, ni yule ambaye haki iko juu yake. Na akiwa ni dhaifu au hawezi, basi walii wake amtajie mahali pake, kwa uadilifu. Tazama hekima ya mpango huu: daftari la deni huandikwa kwa ulimi wa mdaiwa, mbele ya mashahidi, ili kilichoandikwa kiwe ni ikirari yake mwenyewe asiyoweza kuikana, na mdai asipate nafasi ya kuongeza lisilokuwako. Ama daftari la siku hizi limepindua jambo hilo miguu juu, kichwa chini: huandikwa na mdai peke yake, kwa ghaibu, na mdaiwa ndiye wa mwisho kulisoma. Sikuyataja haya ili kuwahubiria wakurugenzi wa benki, ambao wana dini zao na mahubiri yao, bali kwa kuwa nimechoka kuisikia mila ya wakopaji ikitolewa ushahidi dhidi yao na mtu asiyeijua.

Na huyo anayesema kwamba ni mambo ya Wazungu, akitaka na ushahidi wa kwao, tumpe. Marekani si nchi inayotuhumiwa kuwaonea matajiri. Walakini Marekani ilipitisha mwaka 1970 sheria ya taarifa za mikopo, ikamlazimu anayemnyima mtu kwa sababu ya taarifa hiyo kumwambia, na kumtajia ofisi iliyoitoa, na leo mnyimwa ana siku 60 za kudai nakala yake bila ya kulipa senti. Na mwaka 1974 ikapitisha sheria nyingine, ya usawa katika kukopeshwa, kwa kuwa wanawake walikuwa wakinyimwa mikopo kwa sababu ya kuwa wanawake, au ya kuwa wameolewa au hawakuolewa, na wanyimaji wakijificha nyuma ya kutokutaja sababu. Kwa sheria hii ya pili mwombaji ana haki ya kupewa sababu mahususi. Na kanuni zake zimekwenda mbali hata zikasema waziwazi kwamba kumwambia mtu amenyimwa kwa mujibu wa taratibu za ndani, au kwamba hakufikia alama zinazotakiwa, si sababu, haitoshi. Ataje ni nini katika hali yake kilichomwangusha: mapato hayatoshi, au madeni yamezidi mapato, au hakukaa kazini muda wa kutosha. Wenye mitaji wa huko waliteta, kama wanavyoteta wa huku, kwamba watafilisika kwa gharama za barua. Hawakufilisika kwa barua.

Somo la mwaka 1974 ni kubwa kuliko linavyoonekana, maana linatuonesha kwamba sababu isiyotajwa si lazima iwe mbaya, lakini sababu mbaya haina maficho mazuri kuliko kutotajwa. Mkopeshaji anayejua kwamba atatakiwa kuandika kwa nini amemnyima mjane aliyewahi kulipa kila senti, atafikiri mara mbili kabla ya kumnyima kwa jina la mtaa anaokaa. Asiyetakiwa kuandika hafikiri hata mara moja.

Nimesema nakusudia kuipinga rai ya hisani, na hadi hapa nimeipinga kwa wenye benki. Lakini rai hii ina watoto wawili, na wa pili amezaliwa katika siasa. Wanasiasa wetu walipoona watu wengi wamefungiwa mikopo, hawakuwaambia kwamba wana haki, waliwatangazia msamaha. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, Benki Kuu ilitangaza kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe tena CRB, na walioorodheshwa kwa viasi hivyo waondolewe, na wakopeshaji wa simu wasio chini ya usimamizi wake wakanyang'anywa ruhusa ya kupeleka majina. Hilo lilikuwa jema, ijapokuwa latupa habari ya aibu kwamba mpaka siku ile mtu mzima aliweza kufungiwa njia za riziki kwa deni lisilonunua mfuko wa saruji na mchanga wake. Mwaka 2021, siku ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waliokopa chini ya shilingi milioni tano wasiorodheshwe kwa muda wa miezi kumi na miwili. Mwezi wa Novemba 2022, chini ya Rais William Ruto, ukaja mpango wa kurekebisha mikopo midogo ya simu, ambao kwao wakopeshaji walitakiwa kupunguza nusu ya deni au zaidi kwa wakopaji wapatao milioni 4.2, na jumla ya madeni hayo ikikisiwa kuwa shilingi bilioni 30.

Watu walishangilia, na mimi siwalaumu, maana mwenye kiu haulizi kata imetoka wapi. Lakini tuupime msamaha huu kwa mizani ya insafu. Mtu aliyekopa akakimbia, msamaha ulimfaa. Mtu aliyeorodheshwa kwa deni la mwenziwe, kwa tarakimu iliyogeuzwa, msamaha ulimwambia nini? Ulimwambia kwamba amesamehewa dhambi asiyoifanya. Na katika mpango ule wa mwaka 2022, ulimwambia alipe nusu ya deni ambalo hakupata kulila hata robo. Yeye hakuhitaji huruma, alihitaji kusikilizwa. Zaidi ya hayo, msamaha una mwenyewe na una muda wake: hutangazwa jukwaani, hushukuriwa jukwaani, na miezi ikiisha majina hurudi palepale, na kila mmoja hungoja jukwaa jingine. Haki ya kusahihishiwa daftari haina msimu wa uchaguzi. Ndiyo maana nasema kwamba mwanasiasa anayesamehe na benki inayonyamaza, hata wakionekana kugombana, wamekubaliana katika asili ya jambo: wote wawili humwona mkopaji kuwa ni mwombaji mlangoni, mmoja akamfukuza na mwingine akamtupia sarafu.

Limebaki pingamizi moja ambalo sitaki kulipita, kwa kuwa ndilo la kisomi. Husemwa ya kuwa kutaja sababu ni kuwafundisha matapeli jinsi ya kujipamba, na ya kuwa siku hizi hata mkopeshaji mwenyewe haijui sababu, maana uamuzi hutolewa na mashine inayokusanya habari za simu, za malipo na za safari, ikatoa alama kwa nukta chache. Sehemu ya kwanza ya pingamizi hili ni dhaifu: mtu akiambiwa kwamba mapato yake hayatoshi, njia ya kujipamba iliyo wazi mbele yake ni kuongeza mapato, na atakayeghushi hati za mshahara angalizighushi hata asipoambiwa. Sehemu ya pili ni nzito zaidi, lakini imemgeukia aliyeileta. Mtu akisema kwamba amemhukumu mwenziwe kwa jambo asiloweza kulieleza, huyo hajajitetea; ameungama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu chake cha 35, imempa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomwathiri sana; na pale ambapo uamuzi wa namna hiyo umetolewa, aarifiwe kwa maandishi, na aweze kudai utazamwe upya. Kunyimwa mtaji wa biashara kusipokuwa jambo linalomwathiri mtu sana, sijui lipi litakuwa.

Wala si kweli kwamba kulalamika ni kutwanga maji kinuni. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja wa simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu aliozipata kwa wengine ili kuwatumia vitisho vya madeni. Na faini hiyo haikutoka mbinguni, ilitokana na watu walioandika malalamiko yao wakayapeleka. Sheria hiyohiyo inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Siku 90 ni nyingi kwa mtu anayengoja kununua mbegu, lakini ni chache kuliko miaka mitano, ambayo ndiyo muda ambao habari mbaya hukaa katika daftari la CRB hata baada ya deni kulipwa.

Basi aliyenyimwa asitoke na neno la mdomo. Aandike barua, fupi, yenye tarehe, amuulize aliyemnyima mambo matatu: amenyimwa kwa sababu gani mahususi, kama uamuzi umetokana na taarifa ya CRB, ni ya ofisi ipi kati ya zile tatu zenye leseni, kwani zaweza kuwa na habari zisizolingana, na kama umetolewa na mashine, ni nani atakayeutazama upya. Akishapewa jina la ofisi adai nakala yake ya bure, asome mstari kwa mstari, namba ya kitambulisho kwanza kabla ya madeni, na palipo na kosa abishe kwa maandishi akiambatanisha risiti, na nakala ya barua aiweke kwake. Wasipomjibu, Benki Kuu inayo mamlaka juu yao, na Kamishna wa Data pia. Na barua hiyo aipeleke hata kama mkopo wenyewe hautaki tena, hata kama amekwisha kupata fedha kwa shemeji yake, kwa sababu kosa likiachwa daftarini litamngoja kwa mkopeshaji wa pili na wa tatu, na siku atakapoomba kazi serikalini akatakiwa kuleta cheti cha CRB, litakuwa limefika huko kabla yake.